Msaidizi wa mbunifu wa taa au fundi wa kampuni ya kukodisha: uanzie wapi?

Kijana wa Nairobi anayetaka kuingia kwenye taa za jukwaani hukuta milango miwili iliyo wazi kweli. Mmoja ni wa mbunifu wa taa: unamfuata kwenye tamthilia au onyesho la dansi, unamtunzia karatasi, unakaa naye mezani usiku wa mazoezi. Mwingine ni wa kampuni inayokodisha taa na spika: unapakia lori, unafunga taa kwenye harusi, mikutano, mikesha ya makanisa na matamasha ya muziki. Upo na mlango wa tatu, wa kuajiriwa na ukumbi wenyewe, nitaugusia baadaye.

Wengi huuliza upi ni bora kana kwamba yote miwili inaingiza kwenye chumba kimoja. Haiingizi. Kwenye kampuni utavijua vyombo. Kwa mbunifu utajifunza kusoma onyesho. Kuna mtu anayefunga taa mia moja bila kosa na hawezi kukwambia kwa nini ile ya tatu kutoka kushoto ipo pale. Na kuna mwingine anayeieleza taa hiyo vizuri mpaka unapenda, lakini ikizimika katikati ya onyesho amebaki kutazama juu tu.

Siku ya kampuni

Huanzia stoo, mara nyingi kabla jua halijatoka. Unahesabu taa, nyaya, vibano na minyororo ya usalama, kwa sababu kilichosahaulika mjini hakitafika Naivasha. Mtihani wako wa kwanza hautakuwa taa, utakuwa waya. Ukiuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi, mafundi watajua papo hapo kwamba hujawahi. Waya wa data na wa sauti hukunjwa mzunguko mmoja kwa juu, unaofuata kwa chini, ili usijisokote ndani na ukirushwa ufunguke wenyewe.

Halafu zinakuja hesabu. Chukua taa zinazogeuza vichwa, zile mafundi wanaziita muvinghedi, kila moja ikitumia chaneli 16, yaani njia 16 za kupokea amri. Ya kwanza unaipa anwani 1, ya pili 17, ya tatu 33, unaendelea hivyo. Mstari mmoja wa DMX, lugha ya data inayoziamuru taa, una chaneli 512, kwa hiyo taa 32 za aina hiyo zinaujaza pomoni. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la nne. Kwenye uwanja wenye umande, saa saba usiku, huku mwenye shughuli anauliza mbona bado, mtu huzipa taa mbili anwani moja na kushangaa zinavyocheza pamoja.

Umeme ndio somo ambalo kampuni hulifundisha kuliko mahali pengine popote. Taa kumi na mbili za PAR 64, zile za kopo, kila moja wati 1,000, zinavuta wati 12,000. Kwa volti 240 hizo ni ampea 50. Soketi ya ukutani haikuhusu tena. Unagawanya kwenye fezi tatu, yaani njia tatu za umeme, taa nne kila fezi, kama ampea 17 kwa kila moja, kisha unamuuliza mwenye jenereta maswali ambayo hayapendi. Taa za LED zimeipunguza hesabu hii sana, lakini hazijaifuta, maana kumbi zetu nyingi bado zina taa za zamani, na sherehe moja ya kijijini ina friji, majiko ya mpishi na spika kwenye mashine hiyohiyo.

Ni huko pia utakakojua kwamba balbu ya halojeni haishikwi kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huacha doa linalopata moto kupita kiasi na kuipasua. Na kwamba taa ya LED au muvinghedi haichomekwi kwenye dima, kifaa cha kupunguzia mwanga, labda kama unataka kuiua. Msaidizi wa mbunifu anaweza kukaa miaka bila kuambiwa haya, kwa sababu mezani kwake hayamfikii.

Siku ya msaidizi

Hii haina lori, ina karatasi. Kazi huanza wiki kadhaa kabla hujaingia ukumbini, nawe unasoma mswada huku ukitia alama kila mahali mwanga unapotajwa au kudokezwa: alfajiri, kibatari, radi, mlango unafunguliwa, stima zinapotea. Hiyo ndiyo orodha ya mwanzo. Mbunifu akishachora ramani ya taa, wewe unatunza jedwali lake: taa namba fulani iko kwenye bomba gani, chaneli gani, rangi gani, inaangalia wapi, kwa kazi gani. Likibadilika jambo moja, sharti libadilike kwenye karatasi zote. Msaidizi asiyependa kazi ya kulinganisha safu za namba atachoka mapema, na ni heri ajijue.

Siku ya kuelekeza taa ndiyo ya kwanza utakayojiona una maana. Fundi yuko juu ya ngazi, mbunifu yuko kwenye viti, wewe uko jukwaani mahali atakaposimama mwigizaji.

"Ipe mgongo. Kivuli chako kinaangukia wapi?"

"Mbele, bosi. Kichwa kinagusa zulia."

"Rudi hatua moja. Sasa?"

"Joto limeshuka kwenye mabega."

"Basi kiini kiko chini sana. Fundi, inua kidogo. Simama hapo hapo. Funga."

Unaipa taa mgongo ili usipofuke, na ili kivuli chako kikuonyeshe kiini cha mwanga kilipo. Ukimaliza unaandika: taa 31, kichwani kwa mtu aliyeketi kitini, ukingo usiguse ukuta. Mstari huo mmoja utawaokoa wiki mbili baadaye, mtu akiigonga taa kwa ngazi na mbunifu akiwa Kisumu.

Kisha huja mazoezi ya ufundi, yale ya kupitisha onyesho pamoja na taa zake, ambayo nayaona ndiyo shule yenyewe. Meneja wa jukwaa ana kitabu chake, anaita kyu, yaani ishara ya kila badiliko la mwanga, moja baada ya nyingine. Mwongozaji anasema hapendi kitanda kilipo, kisogezwe nyuma hatua moja. Kwake ni hatua moja tu. Kwako, ile taa ya kitandani imo kwenye kyu 14, 15 na 22, na sasa inamulika mto mtupu. Unaandika, unamnong'oneza mbunifu, naye anaamua kama ni kuigeuza taa kesho asubuhi au kuazima nyingine usiku huu. Akitaka badiliko jipya kati ya 14 na 15 linaingia kama 14.5, ili meneja wa jukwaa asilazimike kupanga upya namba za kitabu chote. Ni mambo madogo. Lakini unayaona yakiamuliwa mbele yako, na sababu zake unazisikia kwa sauti. Fundi wa kampuni hupewa uamuzi ukiwa umeshafanywa.

Sura za watu

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana hasa.

Kazi nyingi za kampuni ni za kupamba mahali. Bibi harusi anataka zambarau, kampuni ya simu inataka rangi ya nembo yake, kanisa linataka moshi na miale. Uso wa mtu unatafutiwa mwanga mwishoni, kama umetafutiwa. Tamthilia huanza na uso. Mwigizaji asipoonekana macho, watu wa nyuma huanza hata kuhisi hawamsikii.

Tena sura zetu zina madai yake. Taa ya LED ya bei nafuu yenye nyekundu, kijani na buluu peke yake inaweza kutoa mwanga unaoonekana mweupe ukutani, lakini kati ya kijani na nyekundu ina pengo, pale kaharabu, rangi ya manjano-chungwa, inapokaa, na pengo hilo huonekana ngozini: ngozi nyeusi inageuka kijivu, kama mtu aliyeamka na homa. Ndiyo maana wabunifu hung'ang'ania taa zenye kaharabu au nyeupe ya ziada, ama warudi kwenye halojeni yenye jeli, karatasi ya plastiki ya rangi, ya manjano hafifu kwa sehemu za usoni. Ile jeli maarufu ya Lee namba 181, Congo Blue, ni nzuri ajabu kwenye pazia la nyuma. Mmulike nayo mwigizaji kutoka mbele na umempoteza.

Kuna kosa jingine ambalo utalisikia likibishaniwa kwenye meza ya mbunifu. Waigizaji wawili wamekaa benchi moja, mmoja mweusi tii, mwenzake maji ya kunde. Mwongozaji anasema yule wa kushoto haonekani. Fundi anapandisha taa ya mbele. Wa kushoto anaonekana kidogo zaidi, wa kulia amekuwa bapa kama picha ya pasipoti. Dawa mara nyingi si kuongeza, ni kubadilisha upande. Ngozi nyeusi huurudisha mwanga kwa mng'ao, kwa hiyo taa ya ubavuni au ya nyuma ikichora shavu, taya na bega, umbo linatokea bila kuunguza mtu wa pembeni. Mbinu inayofundishwa vyuoni tangu enzi za Stanley McCandless wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka ya 1930, yaani taa mbili za nyuzi 45 kutoka pande mbili, moja ya joto na moja ya baridi, ni pa kuanzia pazuri. Si pa kuishia.

Kampuni nayo ina jicho ambalo tamthilia hailijui vizuri, nalo ni la kamera. Siku hizi karibu kila shughuli inarushwa moja kwa moja. Fundi wa kampuni anajua taa ipi ya LED inamemeta kwenye video ingawa jicho halioni, na anajua kugombana kwa adabu na mpiga picha. Mbunifu wa tamthilia hukumbuka jambo hili siku wadhamini wanapoleta kamera, na siku hiyo msaidizi aliyepitia kampuni anakuwa mtu muhimu ghafla.

Pesa na wikendi

Kampuni hulipa kwa siku. Wakati mwingine hulipa mteja akishalipa, na hiyo ni kauli yenye urefu wake, lakini angalau kuna malipo yanayojulikana. Msaidizi wa mbunifu kwetu yuko pabaya zaidi. Bajeti ya onyesho huwa na mstari mmoja wa taa, na mstari huo ni wa mbunifu. Utapata nauli, chakula cha mchana, jina lako kwenye kijitabu cha onyesho, pengine na bahasha mwishoni kutoka mfukoni mwa mbunifu mwenyewe.

New York mambo yamepangwa. Mikataba ya chama cha United Scenic Artists, Local 829, huweka kima cha chini cha msaidizi kwa wiki, na tamthilia kubwa ya muziki ya Broadway huwa na mbunifu, mshiriki wake, kisha wasaidizi. Watu wamepanda ngazi hiyo mpaka juu: Jennifer Tipton alikuwa msaidizi wa Thomas Skelton, Peggy Eisenhauer alianza kama msaidizi wa Jules Fisher kabla hawajawa washirika. Ngazi ya namna hiyo kwetu haipo. Ila kukosekana kwake kuna upande wa faida usiotajwa: huku mtu huruka kutoka usaidizi hadi kubuni onyesho lake mwenyewe haraka sana, maana wabunifu ni wachache na mbunifu wako akipata kazi mbili wiki moja, ya pili inakuangukia wewe.

Je, huwezi kufanya yote mawili? Tatizo ni Jumamosi. Harusi ni Jumamosi, na maonyesho ni Ijumaa hadi Jumapili. Lakini angalia vizuri: kazi halisi ya msaidizi huisha usiku wa ufunguzi. Mazoezi, kuelekeza taa na mazoezi ya ufundi huangukia zaidi jioni za siku za kazi. Ukikubaliana mapema na kampuni, kila onyesho linakugharimu wikendi moja tu. Mtego ni pale mbunifu anapokuomba uendeshe meza ya taa, ile ya vitufe vya kuzidhibiti, kila siku ya onyesho, kwa sababu hakuna mwingine. Hapo si usaidizi tena, ni uendeshaji, na una bei yake. Taja bei hiyo kabla, si usiku wa pili.

Kwa dada zetu nitasema wazi jambo ambalo matangazo ya kazi hayasemi. Kufungua na kushusha mitambo baada ya shughuli huisha saa nane au tisa za usiku. Uliza kampuni ina gari la kurudisha watu nyumbani mpaka mlangoni, au mnashushwa barabarani. Jibu la swali hilo linaonyesha namna wanavyowachukulia watu wao wote, wa kike na wa kiume. Na kampuni inayotundika taa bila mnyororo wa usalama, ondoka hata kama inalipa vizuri.

Mlango wa ukumbi

Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo wa Kenya, uliofunguliwa 1952 na kukarabatiwa ukafunguliwa tena 2015, una mafundi wake. Kampala nao wana ukumbi wao wa taifa tangu 1959. Fundi wa ukumbi ana bahati moja: wabunifu wanamjia, wa kila aina, na kila mmoja anataka vyombo vilevile vifanye jambo tofauti. Kwa kujifunza, sioni nafasi iliyo bora kuliko hiyo. Lakini nafasi hazipatikani, basi sitakushauri uishi ukiisubiri. Bagamoyo, kwenye TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), mwanafunzi anaweza kugusa jukwaa kila wiki bila kuomba ruhusa ya mtu, na hilo ni jambo kubwa kwa aliye Tanzania. Aliye Zanzibar ana Ngome Kongwe na Sauti za Busara, tamasha la tangu 2004. Kufanya kazi kati ya kuta za ngome ya kale ambazo huwezi kutoboa shimo hata moja kunanoa akili.

Nani aende wapi

Kama hujawahi kushika testa, na ampea ni neno tu kwako, nenda kampuni kwanza. Kaa msimu mmoja wenye shughuli nyingi, ule wa Agosti au wa Desemba, halafu anza kutafuta mbunifu. Nasema msimu mmoja kwa makusudi. Kampuni humeza watu kwa upole: unakuwa mkuu wa kikosi, posho inapanda, unachukua mkopo wa pikipiki, na hapo kurudi kubeba karatasi za mtu kwa nauli na chakula hakuwezekani hata ukitaka.

Kama tayari una cheti cha umeme, cha VETA ya Tanzania au NITA ya Kenya, mamlaka za mafunzo ya ufundi, au umesoma sanaa za maonyesho chuoni, huna haja ya kuanzia kwenye lori. Nenda moja kwa moja kwa mbunifu. Wabunifu wengi wana ukosefu mmoja kati ya haya mawili, mtu anayejua umeme au mtu anayesoma mswada kwa makini, nawe utaziba.

Na kama kinachokuvuta ni miale ya muvinghedi juu ya umati wa watu elfu kumi, basi usijisumbue na usaidizi wa tamthilia. Taa za matamasha ni fani kamili yenye watu wake na ufundi wake, na kampuni ndiyo njia yake. Ninayemwonea huruma ni yule anayevumilia mazoezi ya tamthilia huku macho yake yako kwenye simu akitazama ziara za wanamuziki.

Ukiamua kumwandikia mbunifu, usimwandikie kwamba unapenda sanaa na uko tayari kujifunza. Huo ujumbe anaupata kila mwezi. Mwambie umeona onyesho lake gani na badiliko lipi la mwanga lilikushika, kisha sema unachoweza kumpunguzia: naweza kutunza jedwali la taa, naweza kusimama siku ya kuelekeza, niko huru jioni zote za wiki ya mazoezi ya ufundi. Wakati unasubiri jibu, pakua QLC+ au MagicQ, programu za kuendesha taa, kwenye kompyuta, zote hazina malipo kuanza nazo, uandike kyu za tamthilia yoyote uliyosoma shuleni. Akikuita, peleka faili hiyo pamoja na orodha uliyoichapisha, na kabla hujakubali muulize mambo matatu: nauli inalipwa na nani, meza ya taa itaendeshwa na nani baada ya ufunguzi, na jina lako litaandikwa vipi kwenye kijitabu.